Plasta Nne za Kitanda Namba Saba

Kila aliyetolewa mfuko wa nyongo wiki hiyo alibandikwa plasta nne tumboni, zote sawa. Chini yake, wengine walikuwa na matundu ya kawaida ya upasuaji wa kamera, wengine matundu madogo zaidi, ya vyuma vyembamba vilivyoletwa Nyeri mwaka huo wa 1997. Nani alipata yapi, wodi haikuambiwa. Ikabishana kutwa.

Gathoni wa kitanda namba saba hakujali matundu. Jumamosi saa nne wakwe walikuwa wanaleta mbuzi wa ruracio, mahari ya binti yake, huko Mukurweini. Mama wa msichana akikosekana, soko zima lingemsema mpaka Krismasi.

"Hakuna ruhusa, mama," sista alimwambia Ijumaa. "Daktari wa kuuliza maumivu anatoka Embu kesho. Akikuta kitanda hakina mtu, utafiti wetu wa matundu umeharibika."

Jumamosi saa tano Daktari Ndwiga aliingia. Hakuwahi kukanyaga wodi hiyo. Ndiyo sheria, anayeuliza asijue nani alipasuliwa vipi. Wanawake wote wakageuka kutazama kitanda namba saba.

"Namba saba. Maumivu, sifuri mpaka kumi?"

"Sifuri."

"Kohoa."

Akakohoa.

"Keti."

Akaketi kama aliyeitwa chai.

"Ati hata kidogo?"

"Hata kidogo, daktari."

"Na amemaliza mandazi yangu yote," Monicah wa kitanda cha nane akadakia, kisha akaziba mdomo.

Ndwiga aliandika sifuri, akaipigia mistari miwili. Akatazama plasta: kavu, hata doa la damu hakuna. Miezi sita alikuwa akimtafuta mgonjwa wa hivi. Lazima ni vile vyuma vyembamba!

"Nimeshaandika, sasa naruhusiwa kuona. Tunatoa plasta, uende nyumbani."

"Ai, wacha tu. Jumatatu."

"Si sista amesema jana ulilia uende?"

"Hiyo ilikuwa jana." Akashika blanketi kwa mikono miwili.

"Mama, dakika moja tu."

Blanketi likashuka polepole. Monicah akajifunika shuka mpaka kichwani.

Plasta ya kwanza. Ndwiga akainama. Ya pili. Akavaa miwani. Ya tatu, ya nne. Ngozi laini, haina hata mkwaruzo.

"Matundu yako wapi?"

Mama akatazama saa ya ukutani.

"Yako Mukurweini, daktari. Dada yangu amesema wageni wakimaliza uji tu, anarudi."