Waliokuwa Ng'ambo ya Maji

Mvua za mwaka huu zilijaza mbuga ya Bahi mpaka kitongoji cha kina Restuta kikawa kisiwa. Siku ya kura ya maoni kulikuwa na mtumbwi mmoja tu, na Restuta alivuka wa kwanza ili auombe mkutano wa kijiji uwasubiri wenzake.

"Mwenyekiti, mnaamua kama tubaki na mjumbe wetu au tuunganishwe na kitongoji chenu. Mtaamuaje bila sisi?"

"Mama, hatuwezi kungoja mtumbwi mmoja mpaka jioni."

"Basi tuma mtu akawahesabu. Si wale pale, unawaona?"

Walionekana kweli, wamesimama kwenye tope la ng'ambo, wengine wameshanyoosha mikono juu.

"Anayetaka kuhesabiwa aje hapa," alisema mwenyekiti. Watu wakacheka.

Restuta alishuka hadi ukingoni, akaita kwa nguvu zake zote, "Mama! Wanasema anayetaka kuhesabiwa aje huku!"

Mama mkwe wake, ambaye goti lilikuwa likimsumbua tangu masika yaanze, aliinama. Alipandisha kanga taratibu, akaifunga fundo kubwa kiunoni, kisha akaingia majini. Maji yalimfika mapajani. Nyuma yake wakashuka wengine, wameshikana mikono.

Kicheko kilikatika.

"Waambie warudi!" mwenyekiti alipiga kelele. "Katikati pale kuna kina!"

"Waambie wewe, kwamba utawasubiri," alijibu Restuta, akakunja kanga yake na kuingia majini kuwapokea.