Shingo Bila Shanga

Madam alininyooshea simu kutoka kiti cha nyuma, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu za mtaa wa Al-Malqa, huku Uarabuni.

"Ewoi, shuf, tazama. Si huku ndiko kwenu?"

Yeye na bosi walikuwa wamerudi juzi kutoka matembezini Kenya. Kwenye video niliona kile kisiwa cha volkano cha Ziwa Turkana, mamba wamelala kando ya maji ya kijani. Halafu boti ikarudi ufukweni, na kina mama wakawa wanawachezea wageni ngoma. Shanga zao zilipanda kutoka mabegani hadi kidevuni.

"Huyu alikataa kucheza," madam akasema, akaisimamisha video. "Wenzake wote wana shanga, yeye mafi, hana hata moja. Kwa nini?"

Alikuwa mama yangu, ameketi mchangani. Pale shanga zilipokaa tangu aolewe, ngozi ilikuwa laini na nyeupe kidogo, kama shingo ya mtu mwingine. Jua halikuwa limewahi kuifikia.

Kwetu mwanamke hulala na shanga zake, na huoga nazo. Huzivua akifiwa na mume.

"Ni joto, madam," nikasema.

"Maskini." Akachukua simu yake.

Taa ikawa kijani. Nikaondoa mguu kwenye breki. Simu yangu ilikuwa pale kwenye dashibodi, ujumbe wa ndugu yangu wa asubuhi hiyo ukiwa bado wazi:

"Huku tuko sawa. Mzee anakusalimia sana, anauliza utakuja lini."