Zege la Marehemu

Mkandarasi alichuchumaa uani, akamimina kopo la maji juu ya ufa, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa. Kisha akavaa miwani na kuuchungulia.

"Umeziba, baba?" mkwewe aliuliza kutoka mlangoni, mtoto mgongoni.

"Bado, mwanangu. Bado kabisa."

Kipande kile cha zege, ukubwa wake kama tofali, kilikuwa cha marehemu mwanawe, mhandisi. Alikitengeneza kwa zege lenye bakteria: likipasuka na maji yakaingia, bakteria huamka na kutengeneza chokaa inayoziba ufa. Alikipasua makusudi, akamwonyesha baba yake.

"Baba, zege hili tulitumie kwenye paa la ghala tunalojenga."

"Bei yake?"

Kijana akaitaja. Mkandarasi alicheka hadi machozi yakamtoka. Mwenye ghala angewatimua mchana kweupe! Tena zege lenyewe halizibi ufa mpana, linataka maji na subira, na hakuna fundi wake aliyewahi kulishika.

"Mambo ya maabara yaache hukohuko maabara. Hapa tuna kazi."

Paa la ghala likamwagwa zege la kawaida.

Sasa kijana hayupo, na utani wote ulimwisha mzee. Baada ya mazishi, mkwe alimletea kile kipande kimeviringishwa kwenye taulo.

"Alikuwa akikimwagia maji kila asubuhi, baba. Mimi siwezi. Nikikiona tu nalia."

Mzee alikipokea. Hakuruka hata siku moja. Majirani walimwonea huruma: "Maskini, anataka ndoto ya mwanawe itimie."

Asubuhi moja alichungulia, asiuone ufa. Akapitisha ukucha, haukukwama popote. Palikuwa na mstari mweupe tu, mgumu kama zege lenyewe. Alipitisha ukucha tena kabla ya kuita.

Mkwe alikuja mbio, akapiga magoti, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Umeziba! Alikuwa anasema kweli, baba!" Kisha akaupapasa ule mstari, akifikiri. "Basi na lile paa... maji yasingefika kwenye nondo. Zisingeshika kutu. Lisingemwangukia mume wangu."

Mzee alikaa chini, palepale kwenye tope. Tangu siku ya mazishi, kila alipomimina maji yale, alikuwa akimwomba Mungu ufa usizibe.