Mitungi ya Mwajabu

Shebe alipoingia kwenye ukumbi wa karate kuomba kujifunza, Mwajabu alimtambua kwa vidole vyake vinene. Ndivyo vilivyomkaba kaka yake hadi akakata roho. Korti ilisema ushahidi hautoshi, ikamwachia.

Sensei, mwalimu wao, hakujua lolote. "Mwajabu, mpe mgeni mitungi yako. Wewe ndiye utakayemhesabia."

Wote pale walianza hivyo: unashika midomo ya mitungi miwili kwa ncha za vidole, unatembea, na huitui mpaka aliyekutangulia ahesabu hadi mia. Kila wiki unaongeza konzi moja ya mchanga. Mwajabu alikuwa ameongeza kwa miaka minne, na wake hakuuchota mtoni kama wenzake.

Shebe akainua. Mishipa ikamtutumka shingoni.

"Dada, mbona mizito hivi? Umetia nini humu?"

"Udongo wa kaburi la Hamadi," alisema Mwajabu. "Kaka yangu. Unamkumbuka, au nikukumbushe?"

Mitungi ikayumba. Shebe aliogopa kuishika, na kumwaga udongo wa marehemu miguuni pake aliogopa zaidi. Akamgeukia sensei. Sensei alivitazama vile vidole vinene vilivyong'ang'ania midomo ya mitungi, akaelewa, akaenda taratibu akafunga mlango.

"Tembea," alisema Mwajabu. "Moja."

Shebe akauzunguka ukumbi mzima, jasho likimdondoka, akisubiri mbili. Mwajabu alikuwa ameketi sakafuni, mikono ameikunja, mdomo ameufumba.