Glasi ya Mshenga

Leokadia alifungua kopo la kimea, akamimina shira yake nzito kwenye ndoo ya maji ya moto, akaikoroga pamoja na sukari. Kaka yake Deusi alisimama mlangoni, amekunja uso.

"Dada, wakwe wanakuja kumposa binti yetu, nawe utawanywesha bia ya ndoo? Ile ya kwanza si iligeuka siki?"

"Ile niliitia hamira kabla haijapoa. Safari hii nitangoja."

Wiki chache baadaye bia ilikuwa tayari kwenye chupa. Wakwe walipofika, Leokadia mwenyewe alimmiminia mshenga. Mzee alionja, akaiweka glasi mezani, na wageni wote wakamtazama. Deusi akatazama chini. Leokadia alibaki wima, chupa mkononi, hadi mzee alipoinua tena glasi akanywa, povu likimning'inia masharubuni.