Nguzo za Nyumba ya Kamaludin

Shoka lilipiga nguzo ya pembeni, vumbi la makuti likammwagikia Kamaludin usoni. Akaruka kitandani. Alikuwa peke yake. Mkewe Radhiya alishinda kwa mamake mtaa wa chini, na Siyu nzima ilikuwa imejilaza baada ya sala ya adhuhuri.

Shoka likapiga tena. Paa likalia juu ya kichwa chake. Alikimbilia mlango, haufunguki: umefungwa kwa nje kwa kamba ya makumbi. Akaupiga mateke mpaka kamba ikakatika, akatoka na panga mkononi.

Aliyekuwa akikata ni Khatib fundi, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, na aliyekuwa mume wa Radhiya kabla ya Kamaludin. Tangu harusi hawakuamkiana. Nguzo mbili zilikwisha kulala. Ya tatu ilibakia nusu.

"Khatib! Wavunja nyumba yangu?"

Khatib aliinua shoka. Kamaludin akamtia panga la bega, damu ikaruka ukutani. Khatib akamrudishia kwa mpini, meno mawili yakatoka. Wakakamatana makoo, wakabingirika mchangani, kila mmoja akilitafuta jicho la mwenzake kwa kidole gumba.

Ndipo mwanamke akapiga ukelele: "Moto! Moto!"

Kamaludin aliinua kichwa. Jiko la mtu lilikuwa limeshika makuti upande wa kaskazini, na upepo wa kaskazi ulikuwa ukiusukuma moto paa kwa paa, maana nyumba zilisongamana mpaka mapaa yakagusana. Nyumba yake ndiyo iliyounganisha mtaa wa juu na wa chini. Ikianguka, moto hauna pa kupita.

Akaliachia koo la Khatib. Moyo ulimsuta.

"Kata!" alipiga kelele, damu ikimchuruzika kidevuni. "Kata ndia ya moto!"

Mwenyewe akaikabili kwa panga nguzo ya nne. Khatib alisimama kitambo akimkodolea macho, kisha akaliokota shoka. Watu wakaja mbio na kamba, wakavuta. Paa likashuka kwa kishindo. Wakayaburura makuti na kuyafukia mchanga. Moto ukafika, ukaramba udongo mtupu, ukafa.

Mtaa wa juu walitoa maiti watatu, mmoja wao jirani, Bi Khairiya, hatambulikani ila kwa bangili zake. Mtaa wa chini, nyumba arubaini zilisalimika na watu wake wote.

Alasiri Kamaludin alirarua kilemba chake, akamfunga Khatib jeraha. Machozi yalimtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Nisamehe, ndugu yangu. Mimi nimelala, nawe umeuona moto kabla yetu sote."

Khatib aliwangoja waliokuja kumshika mkono na kumwombea dua, mpaka wa mwisho akaondoka.

"Sikuuona moto, Bwana Kamaludin," alisema. "Nalikuya kukuangushia paa usingizini."