Bangili ya Bomba

Siku hizi hakuna anayechimba mtaro wa maji. Keekee, ile mashine ya kutoboa, hupita ardhini chini kwa chini, ikimfuata mtu aliyevaa bangili ya kuiongoza, na bomba huchomoza pale alipokaa. Kwa hiyo kila nyumba hutoa mtu wake mmoja, akae asinyanyuke mpaka bomba lifike. Zamda, bangili mkononi, alikuwa katika siku ya tatu kitini, jikoni.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya baba mkwe, na mkwe hapokewi umekaa kitako. Zamda alijikuta yuko mlangoni, amepokea mkoba, anasema, "Shikamoo, baba." Sakafu ikatetema chini ya nyayo zake. Akarudi mbio kitini. Mtetemo nao ukarudi ukimfuata.

Akampigia simu fundi wa bomba.

"Uliinuka, mama?"

"Hatua kumi tu! Nifungulie bangili."

"Hufunguka yenyewe bomba likitoka. Lakini keekee imeshajua kuwa unatembea. Sasa haitoi bomba mpaka utulie kabisa."

"Hata nikilala?"

"Aliyelala naye hujigeuza, mama."

Sebuleni baba mkwe alikohoa, akingoja chai. Zamda aliukumbatia mkono wenye bangili, akaanza kujizoeza kupumua kidogo kidogo.